Muziki wa Sinema na Ufunguo wa Stoo

Katika mkutano wetu mmoja wa walimu wastaafu, baada ya kumaliza mambo ya pensheni na rambirambi, tuliachiwa nafasi ya kusimuliana habari. Zamu iliponifikia nilisimulia safari yangu ya Marekani ya Desemba 2019, nilipokwenda kumtembelea binti yangu, na jinsi nilivyohudhuria tamasha la Krismasi la bendi ya wananchi wa mji ule. Walipiga muziki uliotungwa kwa ajili ya sinema za sikukuu. Nikasema kwamba katika miaka yangu yote ya utumishi sikuwahi kuingia darasa lililonifundisha kuliko jioni ile. Mzee mwenzangu mmoja, mtu msomi aliyekuwa mkaguzi wa shule, akasafisha koo, akaniuliza: "Kwa hiyo, Mwalimu, ulipanda ndege mbili kwenda kusikiliza muziki wa katuni?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nikacheka pamoja nao, nikaketi.

Sikupaswa kucheka. Tangu siku ile kicheko changu kimekuwa kikinisuta kuliko chao, maana wao hawakuwapo kwenye tamasha, na mimi nilikuwapo. Nimeona vema basi niandike hapa jibu ambalo sikulitoa. Msomaji ataniwia radhi nikipandisha sauti mahali fulani. Mtu aliyenyamaza pale alipotakiwa kusema hana budi kusema kwa nguvu baadaye.

Kwanza nieleze nilichokiona, ili tusibishane juu ya kitu ambacho mmoja wetu hakijui.

Binti yangu anaishi na mumewe na watoto wao wawili mashariki mwa jimbo la Pennsylvania, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka mji uitwao Bethlehem. Wamoraviani ndio waliouanzisha mji huo, na ulipewa jina lake katika mkesha wa Krismasi wa mwaka 1741. Sisi tuliokulia Rungwe, ambako wamisionari wa Kimoraviani walifika mwaka 1891, tuna undugu fulani na watu wale, ijapokuwa bahari iko katikati. Huko Bethlehem kuna kwaya ya matromboni iliyoanza mwaka 1754, na zamani ilikuwa desturi yake kutangaza kifo cha muumini kwa kupiga kutoka kwenye mnara. Si mbali na hapo uko mji wa Allentown, wenye bendi ya raia iliyoundwa mwaka 1828, ambayo huhesabiwa kuwa kongwe kuliko bendi zote za namna hiyo katika nchi ile. Hii ndiyo ardhi niliyoikanyaga. Lakini bendi niliyoisikia mimi si hizo mashuhuri. Ni bendi ya mji mdogo tu, na sitautaja jina, kwa kuwa wapigaji wake ni watu wa kawaida ambao hawakuomba kuandikwa katika kitabu cha mtu.

Tamasha lilifanyika katika ukumbi wa shule ya sekondari. Hapakuwa na tikiti. Mlangoni palikuwa na makapu makubwa, na kila aliyeingia aliweka kopo la chakula kwa ajili ya wenye shida wa mji huo. Jukwaani waliketi watu wapatao hamsini wenye mashati meupe na suruali au sketi nyeusi. Bendi ya aina hii haina fidla. Ni ala za pumzi na za kupigwa: filimbi, klarineti nyingi kama vifaranga, saksafoni, matarumbeta, matromboni, tuba, na nyuma yao ngoma, matoazi na kengele. Mjukuu wangu, binti wa miaka kumi, alininong'oneza mmoja mmoja. "Yule mwenye tuba, Babu, ndiye dereva wa basi letu la shule. Yule wa filimbi ni daktari wa meno, aliwahi kuning'oa jino. Yule kijana wa ngoma kubwa anauza duka la vifaa vya bomba." Kiongozi wa bendi alikuwa mwalimu mstaafu kama mimi. Nilipoambiwa hivyo nikakaa sawa kwenye kiti.

Walianza na muziki wa sinema ya Home Alone ya mwaka 1990, uliotungwa na John Williams. Wakafuatisha wimbo wa mwaka 1944 kutoka Meet Me in St. Louis, ule ambao dada anamwimbia mdogo wake mwenye huzuni kwa sababu familia inataka kuhama. Ukaja mfululizo wa The Polar Express ya mwaka 2004, kazi ya Alan Silvestri, ambapo wapiga ngoma walitutolea mwendo wa treni hata watoto wakaanza kuyumba vitini. Kutoka The Snowman, sinema ya Kiingereza ya mwaka 1982, walipiga wimbo wa Howard Blake wa mtoto anayeruka angani pamoja na mtu wa theluji. Sauti ya mtoto walimpa mzee mmoja mwenye baragumu la kizungu lililojikunja kama konokono. Alipofika noti ya juu, pumzi ikamponyoka, noti ikavunjika katikati kama yai. Nilitazama huku na huku. Hakuna aliyecheka. Wimbo uliporudi mahali pale pale kwa mara ya pili, yule mzee aliinua mabega, akaipata noti, akaishikilia. Naapa niliwasikia watu mia tatu wakishusha pumzi pamoja naye.

Hapo ndipo palipokuwa na darasa langu. Nitarudi hapo.

Sasa niwajibu wapinzani, maana wako zaidi ya mmoja. Wa kwanza alikuwa ndani ya gari tuliporejea nyumbani. Mkwe wangu ni mhandisi, kijana mwenye adabu, na ana kabati la rekodi za Beethoven. Alisema kwa upole: "Baba, nimefurahi kwamba umefurahi. Ila ule si muziki hasa. Ni kazi ya kukodiwa. Mtunzi analipwa ili watazamaji watoe machozi katika dakika ya arobaini."

Hoja hii inavaa koti la usomi, lakini haina shati ndani. Ni mtunzi gani mkubwa ambaye hakukodiwa? Handel aliandika Messiah mwaka 1741 kwa muda wa siku zipatazo ishirini na nne, ikapigwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742 katika onyesho la kuchangia wafungwa wa madeni na wagonjwa. Ilipofika London wako waliolalamika kwamba maneno matakatifu yanaimbwa katika jumba la michezo ya kuigiza. Leo hao hao, yaani wajukuu wao, wanavua kofia ikipigwa. Tchaikovsky alitunga The Nutcracker mwaka 1892 kwa sababu majumba ya maonyesho ya mfalme wa Urusi yalimwagiza. Ndani yake alitumia ala ambayo wakati huo ilikuwa ngeni, selesta, yenye sauti kama kengele ndogo. Mtu mwenye masikio akisikiliza kengele za Home Alone atatambua jamaa zake wa miaka mia moja nyuma.

Tena jioni ile ile bendi ilipiga kipande kimoja cha Prokofiev kinachoitwa Troika, chenye mwendo wa farasi watatu wanaokokota gari la theluji. Mkwe wangu alikipenda, akasema hicho angalau ni muziki. Ilibidi nimsomee karatasi ya ratiba kwa mwanga wa taa ya gari: kipande hicho ni cha sinema. Prokofiev alikitunga kwa ajili ya Luteni Kije, sinema ya Kisovieti ya mwaka 1934 inayodhihaki watumishi wa mfalme walioandika kimakosa jina la ofisa asiyekuwapo, kisha wakaogopa kukiri. Wala haihusu Krismasi hata kidogo. Ni watu tu, mwaka baada ya mwaka, walioamua kwamba kengele zile na farasi wale ni vya sikukuu. Kumbe mkwe wangu alikuwa ameupenda muziki wa sinema muda wa dakika tatu nzima bila kudhurika.

Sisemi kwamba nyimbo zote ni sawa. Mwalimu anayesema kila jibu ni sahihi afukuzwe kazi. Najua kwamba Bach ni mlima na nyingine nyingi ni vichuguu. Ninachokataa ni kupima kazi kwa kuuliza nani aliilipia. Wimbo wa White Christmas ulitoka katika sinema ya Holiday Inn ya mwaka 1942. Aliyeutunga, Irving Berlin, hakujua kusoma noti, na alizoea kupiga piano karibu kwa vidude vyeusi peke yake. Mtoto wake mchanga wa kiume alikuwa amefariki siku ya Krismasi mwaka 1928. Ukumbi ulipoimba wimbo ule, wazee walioketi mbele yangu walishikana mikono. Atakayewaambia kwamba wameguswa na bidhaa, awaambie yeye. Mimi sithubutu.

Mpinzani wa pili ni yule mkaguzi wetu na wenzake. Hawa hoja yao ni nyingine: muziki wa theluji unatuhusu nini sisi wa migomba na parachichi? Je, tuwafundishe watoto wetu kuota sikukuu za watu wengine?

Nawajibu hivi. Berlin alikuwa Myahudi aliyezaliwa Urusi. Krismasi haikuwa sikukuu ya baba zake. Wimbo uliofunga tamasha lile, Sleigh Ride wa Leroy Anderson, si wa sinema kabisa, na kiongozi wa bendi alituomba radhi kwa kuuchomeka. Lakini huo nao, wenye mijeledi ya mbao mbili zinazogongana na farasi anayelia kwa tarumbeta, Anderson aliuanza mwezi Julai mwaka 1946 wakati wa joto kali. Theluji ile yote ilikuwa kichwani mwa mtu anayetokwa jasho. Nyimbo hazifuati hali ya hewa.

Wala sisemi tupige hizo. Nasema tupige. Tuna nyimbo za mavuno, tuna tenzi za kanisani, tuna kaswida, tuna nyimbo za dansi za redio ambazo kila mtu wa rika langu anazijua hadi mwisho. Jambo la msingi katika ukumbi ule halikuwa theluji. Lilikuwa kwamba bendi ilipiga kitu ambacho watu walikuwa nacho tayari moyoni, wakarudishiwa na mikono ya majirani zao.

Na wale wanaodai kwamba tarumbeta zenyewe ni mambo ya wazungu, wakasome historia yao wenyewe. Kabla wengi wetu hatujazaliwa, watu wa Lamu na Mombasa walikwisha kuitazama bendi ya kijeshi ya Mwingereza, wakaigeuza ngoma yao, wakaiita beni. Hiyo ni tangu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake beni ilienea Tanganyika nzima, Marini wakishindana na Arinoti, kwa sare, vyeo vya kujipa na mashindano ya kumaliza fedha. Hata hivyo vyama hivyo vilisaidiana katika shida na kuzikana. Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1975. Wazee hao hawakuwa na mkufunzi wala mtaala. Hawakungoja ruhusa. Tulioharibu mambo ni sisi tuliokuja baadaye na vyeti.

Hapa namfikia mpinzani wa tatu, ambaye ni hatari kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na madaraka. Huyu husema: nchi maskini haina nafasi ya anasa hizi. Tuna upungufu wa madawati, tuna mtihani wa taifa, na katika mtihani wa darasa la saba hakuna karatasi ya muziki. Bendi ni ya gwaride na kupokea wageni. Zaidi ya hapo ni kupoteza muda.

Namjua mpinzani huyu vizuri. Aliketi katika kiti changu, akitumia kalamu yangu.

Mwaka 1987 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu. Chuo kilikuwa na ala ishirini na mbili za bendi, zawadi ya marafiki kutoka Ujerumani, zikiwemo klarineti sita na tuba moja. Mkufunzi wetu wa muziki, mtu mpole aliyevaa koti lile lile mwaka mzima, aliniletea barua ya ukurasa mmoja. Aliomba mambo matatu. La kwanza, bendi ifunguliwe kwa watu wa mjini kila Alhamisi jioni, maana alikwisha kuzungumza na wauguzi wawili, karani wa posta, fundi cherehani na askari magereza mmoja waliotaka kujifunza. La pili, siku ya Krismasi bendi ipige uwanjani, mbele ya watu wote, nyimbo wanazozijua: tenzi, nyimbo za redio, na hata nyimbo za sinema za Kihindi, kwa kuwa, aliandika, hizo ndizo mafundi wa sokoni wanazopiga mluzi. La tatu, apewe fedha kidogo ya kununua tete za klarineti na mafuta ya vali.

Nilijibu siku hiyo hiyo, chini ya barua yake, kwa wino mwekundu. Naikumbuka kila sentensi. "Vyombo ni mali ya chuo. Bendi ni kwa gwaride na mapokezi ya wageni rasmi. Muziki wa mitaani hauna nafasi katika malezi ya mwalimu." Nikatia sahihi na tarehe. Nikauchukua ufunguo wa stoo ya ala kutoka kwake, nikautundika kwenye msumari nyuma ya meza yangu, ili kila atakayetaka ala apite kwangu.

Ndugu msomaji, hakuna aliyepita. Baada ya miaka miwili mkufunzi yule aliomba uhamisho, nikaupitisha bila kumuuliza sababu. Bendi iliendelea kupiga wimbo wa taifa na maandamano mawili, ikapungua hadi watu tisa, kisha wanne, kisha tukawa tunatumia kaseti. Nilipokabidhi ofisi mwaka 2009, katika orodha ya mali kulikuwa na mstari usemao: "Ala za muziki, 22, mbovu." Tuliingia stoo kuhakiki. Shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani, panya wamezaa ndani ya ngoma kubwa, na vali za tarumbeta zilikuwa zimeganda kama mfupa. Nikatia sahihi na hapo pia.

Wala tusisingizie umaskini peke yake. Kweli, miaka ile hata sabuni ilikuwa tabu. Lakini ala zilikuwapo, mwalimu alikuwapo, wanafunzi walikuwapo, uwanja ulikuwapo. Kilichokosekana ni heshima kwa jambo ambalo watu wanalifanya kwa kupenda. Nilikuwa nimefundishwa, nami nikafundisha, kwamba kitu kisichotahiniwa si elimu, na kitu kinachofurahisha watu wa sokoni hakifai kwa msomi. Na huku nikijua kwamba Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo ya wimbo wetu wa taifa, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni aliyetungia kwaya ya watoto. Nilisimama wima kwa wimbo wa mwalimu yule kila asubuhi, kisha nikaingia ofisini kumzuia mwalimu wangu asifanye yale yale.

Turudi basi kwenye ukumbi wa Pennsylvania, kwa yule mzee wa baragumu.

Baadaye niliuliza jinsi kazi ile inavyofanyika. Muziki wa sinema huandikwa kwa okestra kubwa yenye fidla nyingi. Ili bendi ya pumzi iupige, mtu aliyebobea huuandika upya: kazi ya fidla hupewa klarineti na filimbi, zeze kubwa humegwa kati ya kengele na piano, na kila sehemu hupimwa ili mtu anayefanya kazi mchana aiweze usiku. Noti hizo huuzwa zikiwa zimepangwa kwa madaraja, kuanzia ya watoto wanaoanza hadi ya mabingwa. Bendi ile ilikuwa imefanya mazoezi kila Jumatatu tangu Septemba. Hakuna anayelipwa. Dereva wa basi huamka saa kumi na moja alfajiri, na bado Jumatatu usiku anabeba tuba yake. Daktari wa meno huketi pembeni ya kijana aliyemwekea jino mwaka juzi, na kijana huyo ndiye humhesabia daktari mapigo anapopotea.

Nawauliza mnaocheka: ni mahali gani pengine katika mji wenu ambapo daktari na dereva huketi safu moja, kila mmoja akimhitaji mwenzake, hakuna mwenye cheo ila mwenye kujua? Baraza la mitihani halijui kutengeneza kitu hicho. Semina hazikijui. Ukumbi ule haukucheka noti ilipovunjika kwa sababu karibu kila aliyeketi pale alikuwa na ndugu, jirani au mwalimu jukwaani, na alijua gharama ya noti ile. Watu wasiowahi kujaribu ndio wepesi wa kucheka. Ndiyo maana nasema kwamba neno hili, "ni muziki wa sinema tu," ni neno la msikilizaji mtupu, mtu aliyeketi maisha yake yote akingoja aletewe. Mpigaji halisemi. Yeye anahangaika na mstari wa kumi na sita.

Nasi tumelea taifa la wasikilizaji watupu. Tazama Krismasi katika miji yetu: spika zimepangwa barabarani, kila duka na sauti yake, hakuna anayemsikia mwenzake. Tunakodi muziki kama tunavyokodi viti na turubai. Wanaobaki kupiga kwa pumzi zao ni kwaya za matarumbeta makanisani, na wale vijana wanaopiga matarumbeta nyuma ya pikapu katika msafara wa harusi. Wasomi tunawapita vijana hao tukifunga vioo, na kumbe ndio warithi wa beni, wanajua nyimbo mia kwa kichwa, na hakuna chuo kilichowahi kuwaita hata kuwapa chai.

Baada ya tamasha tulipewa biskuti na maji ya matofaa ya moto. Nilisimama karibu na bibi mmoja wa klarineti, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, muuguzi mstaafu. Aliniambia alianza kupiga akiwa shule, akaiacha klarineti katika sanduku lake miaka thelathini akilea watoto, akairudia alipofika hamsini na tano. Kisha akaniuliza, kama mtu anavyouliza habari za safari: "Na wewe unapiga ala gani?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu kwa zaidi ya miaka ishirini.

Akangoja kidogo. Alidhani sikusikia vizuri kwa sababu ya kelele, akaniinamia, akarudia swali lake kwa upole: "Lakini unapiga nini?"

Katika maisha yangu nimehojiwa na mawaziri, nimehojiwa na kamati, na mara zote nilikuwa na jibu. Siku ile sikuwa nalo.

Ninalotaka basi ni dogo, wala halihitaji bajeti ya wizara. Nawaomba wakuu wa vyuo na shule walio kazini: nendeni stoo kesho asubuhi. Kama kuna ala, hata moja, itoeni, ipanguseni, mtafuteni anayejua. Fungueni mlango siku moja kwa juma kwa karani, muuguzi na fundi. Waacheni wapige wanachokipenda, kiwe cha kanisani, cha dansi au cha sinema. Ubora utakuja kwa kupiga. Haujawahi kuja kwa kufunga mlango. Na kama kuna mkufunzi atakayewaletea barua ya ukurasa mmoja, isomeni mara mbili kabla ya kushika kalamu nyekundu.

Mkufunzi wangu nilimtafuta niliporudi nyumbani mwaka 2020. Nilikuta amekwisha kufariki. Mjane wake alinikaribisha vizuri, akanipa uji, wala hakunitajia lolote. Nadhani hakujua. Mumewe hakuwa mtu wa kusema.

Kwa hiyo sina wa kumwomba radhi ila kwa vitendo. Sasa kila Alhamisi jioni nakwenda kufanya mazoezi na kwaya ya matarumbeta ya usharika wetu. Nimepewa bombadoni ndogo ya zamani yenye kovu. Meno yangu ya mbele si yangu, na sauti ninayotoa, kwa maelezo ya mke wangu, inafanana na ng'ombe aliyekwama mtoni. Mwalimu wangu ana miaka kumi na minne. Huniambia, "Babu, usijaze mashavu," nami najibu, "Ndiyo, Mwalimu." Hadi sasa nina noti saba za uhakika, na ya nane hunijia baadhi ya siku.

Krismasi ijayo tutapiga nje ya kanisa, upande wa sokoni, ili wapitao wasikie. Mkaguzi wetu nimemwalika, yeye na wote waliocheka. Viti vya wasikilizaji havitakuwa vingi, lakini tuna tarumbeta mbili zisizo na watu.